Anaangalia Kulia na Kushoto, Lakini Bado Yuko Hatarini: Somo la Usalama Barabarani kwa Mtoto Mwenye ADHD

Na Afisa wa Habari, Kitengo cha Mawasiliano, Serikali ya Kaunti ya Kilifi

Ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kando ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Matatu zinagombania abiria, tuktuk zinapenya pembeni na malori ya mizigo yanapita bila kupunguza mwendo. Mama mmoja amesimama ukingoni akiwa amemshika mwanawe wa miaka minane. Hakumshika kiganja, amemshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kuporwa.

Siku chache kabla ya hapo, mtoto huyo alichomoka. Alimwona mwenzake ng'ambo ya barabara, akamkimbilia. Dereva wa lori alifunga breki, tairi zikalia, na lori likasimama hatua chache kutoka kwake. Mtoto hakuumia. Aliyeumia ni mama, kwa maneno ya waliokuwa pale stejini. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," mmoja alimwambia.

"Dadangu, nimemfunza," mama huyo alituambia, na kwa ombi lake tunalihifadhi jina lake. "Ukimuuliza sheria za barabara atakutajia zote, moja baada ya nyingine. Kujua anajua. Lakini akifika pale, mwili unatangulia."

Maneno hayo ndiyo kiini cha somo la toleo hili. Wako watoto wanaojua sheria za barabara na bado wanashindwa kuzifuata wakati gari liko mbele yao. Baadhi yao wana hali inayoitwa ADHD. Mkazi anayesoma makala haya hadi mwisho atafahamu hali hiyo ni ipi, kwa nini inamweka mtoto hatarini zaidi barabarani, jinsi ya kumfundisha mtoto huyo kuvuka, na mahali pa kutafuta msaada.

1. ADHD NI NINI?

ADHD ni kifupisho cha jina la Kiingereza la hali ya upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Ni hali ya jinsi ubongo unavyokua. Huanza utotoni, na duniani kote inakadiriwa kuwapata takriban watoto 5 kati ya kila 100. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 60 laweza kuwa na watoto watatu wa namna hii, hata kama hakuna aliyewahi kupimwa.

Hali hii hujitokeza kwa sura tatu:

• Upungufu wa umakini. Mtoto husahau alichotumwa, hupoteza vitu, huanza kazi na kuiacha, na huonekana kama hasikii anapoitwa.

• Utukutu na kukosa kujizuia. Mtoto hatulii kitini, hupanda na kuruka, hujibu kabla swali halijaisha, na hutenda kabla ya kufikiri.

• Mchanganyiko wa hizo mbili.

Wavulana hutambuliwa mapema zaidi kwa sababu fujo yao inaonekana. Wasichana wengi huwa na ile sura ya kwanza. Wanakaa kimya, mawazo yako mbali, na watu husema tu kwamba "huyu ni mzito". Barabarani, msichana anayetembea huku mawazo yako kwingine yuko hatarini sawa na mvulana anayekimbia.

Mtoto mtundu siku moja moja hana ADHD kwa sababu hiyo tu. Wataalamu huangalia kama dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu kwa miezi sita au zaidi, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni, na zinamzuia mtoto kuendelea na maisha yake.

Tuondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba hali hii huletwa na malezi mabaya. Sivyo. ADHD mara nyingi hufuata ukoo, na kwa kawaida hutokana na mambo ambayo mzazi hakuyachagua. Ya pili ni kwamba mtoto anayeweza kutazama katuni saa nzima hawezi kuwa na ADHD. Mtoto huyu anaweza kuzama kabisa katika jambo linalomvutia. Kinachomshinda ni kuuelekeza umakini wake pale panapotakiwa, na kuuondoa pale ulipokwama. Ndiyo maana mpira uliovuka barabara unaweza kuyafunika macho yake asilione lori.

2. NI NINI HASA HUTOKEA BARABARANI?

Kuvuka barabara huonekana jambo dogo kwa mtu mzima kwa sababu amelifanya mara nyingi sana. Lakini ndani yake mna kazi nyingi zinazofanywa kwa wakati mmoja: kusimama, kuangalia, kusikiliza, kukisia gari liko umbali gani na linakuja kwa kasi gani, kuamua, kisha kutembea bila kusahau ulichokiamua.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham, Marekani, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Waliwalinganisha watoto wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD ya mchanganyiko na wenzao wasio na hali hiyo, wakiwavusha katika barabara ya kuigiza iliyotengenezwa kwa kompyuta, ili asiwepo wa kuumia.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kabla ya kuvuka, watoto wenye ADHD waliangalia kulia na kushoto kama wenzao. Tofauti ilionekana baada ya hapo. Walichagua nafasi finyu zaidi kati ya gari na gari, na walipomaliza kuvuka, gari lilikuwa karibu nao zaidi. Macho yalifanya kazi yake. Kilichopungua ni hatua ya kupima walichokiona na kujizuia hadi nafasi ya kutosha ipatikane.

Hili lina maana kubwa kwa mzazi na mwalimu. Tumezoea kumwambia mtoto "angalia kulia na kushoto", na akishageuza shingo mara mbili tunaridhika. Kwa mtoto mwenye ADHD, kugeuza shingo ni mwanzo tu wa somo.

Hesabu ya sekunde

Tuchukue barabara ya lami yenye upana wa mita 7. Mtoto anayetembea mwendo wa kawaida huhitaji kama sekunde 6 kuivuka. Katika sekunde hizo 6:

• gari la kilomita 30 kwa saa husafiri mita 50;
• gari la kilomita 50 kwa saa husafiri mita 83;
• gari la kilomita 80 kwa saa husafiri mita 133, kupita urefu wa uwanja wa mpira.

Kusimama nako kuna hesabu yake. Dereva aliye macho, mwenye breki nzima na lami kavu, huhitaji takriban mita 13 kusimamisha gari la kilomita 30 kwa saa. Kwa kilomita 50 huhitaji karibu mita 28, na kwa kilomita 80 huhitaji zaidi ya mita 55. Mvua ikinyesha, umbali huo huongezeka. Kwa hiyo mtoto anayechomoka mita 20 mbele ya gari huenda akaokoka ikiwa gari linakwenda kilomita 30, na hana nafasi hiyo ikiwa linakwenda kilomita 80, hata dereva awe hodari namna gani.

Hii ndiyo sababu sheria ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 kwa saa pale watu wa miguu wanapochanganyika na magari.

3. KWA NINI KIBOKO HAKISAIDII

Mzazi aliyemwona mwanawe akinusurika kifo hutetemeka, na mkono humtoka. Tunaelewa. Lakini kipigo hakimwongezei mtoto uwezo wa kujizuia. Mtoto mwenye ADHD hakukataa sheria. Ilimponyoka wakati alipoihitaji. Anachokumbuka baada ya kupigwa ni maumivu na aibu, na kesho yake akiwa na hofu ya kuchelewa na kuchapwa, atavuka kwa haraka zaidi.

Shuleni, adhabu ya viboko imepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Katiba nayo, katika Kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha.

Kinachomsaidia mtoto huyu ni mambo matatu: maelekezo mafupi, mazoezi mengi mahali penyewe, na sifa inayotolewa papo hapo. Ukimwambia jioni "leo asubuhi ulivuka vizuri", umechelewa. Mwambie mkiwa bado mnapangusa vumbi ng'ambo ya barabara: "Umesimama kwenye mstari bila kuambiwa. Vizuri sana."

4. JINSI YA KUMFUNDISHA KUVUKA: HATUA SABA

Hatua ya 1: Chagua njia moja. Tembea kutoka nyumbani hadi shuleni siku isiyo ya shule. Tafuta njia yenye vivuko vichache, hata kama ni ndefu kidogo. Epuka kona, kilele cha mlima, na mahali ambapo magari yameegeshwa au vibanda vinaziba macho. Mtoto mwenye ADHD husaidiwa na mazoea, kwa hiyo njia iwe hiyo hiyo kila siku.

Hatua ya 2: Mpe mahali pa kusimama. "Simama mbali na barabara" ni maneno yasiyoshikika. Mpe alama anayoiona: jiwe, mlingoti, mti wa mwarobaini, au mstari uliouchora mwenyewe hatua mbili kutoka ukingoni. Hapo ndipo miguu husimama, kila siku, hata barabara ikiwa tupu.

Hatua ya 3: Kubalianeni neno moja la kusimamisha. Liwe fupi, kama "Simama!" Lifanyieni mchezo uani: mtoto anakimbia, unaita, anaganda. Rudieni hadi mwili uitike kabla ya akili kufikiri. Neno hilo lisitumiwe kwa jambo jingine lolote nyumbani, lisije likazoeleka.

Hatua ya 4: Afanye kwa sauti. Mtoto atamke kila anachofanya: "Nimesimama. Naangalia kulia. Naangalia kushoto. Naangalia kulia tena. Nasikiliza." Tunaanza na kulia kwa sababu nchini Kenya magari hupita upande wa kushoto, na yaliyo karibu nawe hutoka kulia kwako. Mwongeze na hili: bodaboda wakati mwingine huja upande usio wake, kwa hiyo hakuna upande wa kudharau. Sauti yake mwenyewe humrudisha mtoto kwenye kazi pale mawazo yanapotaka kutoroka.

Hatua ya 5: Mwekee alama ya gari. Hili ndilo jibu la ule udhaifu uliogunduliwa na watafiti. Mtoto anashindwa kukisia nafasi, basi mpunguzie kazi ya kukisia. Fanya hivi: vuka mwenyewe kwa mwendo wa mtoto ukihesabu sekunde. Tuseme umepata sita. Ongeza nne za tahadhari, ziwe kumi. Sasa simama kwenye mstari wenu na uangalie magari yanayokwenda kasi. Tafuta kitu kilicho mbali, kama mnazi, bango au duka, ambacho gari likikipita huchukua sekunde kumi au zaidi kukufikia. Tafuta kimoja upande wa kulia na kingine upande wa kushoto.

Sheria ya mtoto sasa ni nyepesi: "Gari likishaupita mnazi, sivuki. Nangoja lipite." Kama hakuna kitu cha mbali kiasi hicho unachoweza kukiona, basi mahali hapo hapafai kuvukia. Kwa gari la kilomita 80 kwa saa, sekunde kumi ni zaidi ya mita 220. Sogeeni mpaka mpate mahali panapoonekana vizuri, au penye kivuko rasmi, matuta au daraja la watembea kwa miguu.

Hatua ya 6: Akianza kuvuka, atembee. Asikimbie, kwa kuwa anayekimbia hujikwaa. Asirudi nyuma kufuata kiatu, kalamu wala mpira. Mwambie waziwazi: "Kitu kikianguka barabarani, kimekuwa cha barabara. Mimi nitakununulia kingine." Wako watoto wanaogopa kwenda nyumbani bila kitu hicho kuliko wanavyoogopa gari. Mwondolee hofu hiyo.

Hatua ya 7: Mwachie kidogo kidogo. Kwanza vukeni mmeshikana mikono. Kisha avuke kando yako bila kushikwa, yeye ndiye anayeamua na wewe uko tayari kumzuia. Umri wa mwenzake si kipimo. Kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 10 bado hawezi kukisia vizuri kasi na umbali wa magari, na mwenye ADHD huweza kuchukua miaka kadhaa zaidi. Kama hujamwona akifuata hatua zote bila kukumbushwa kwa wiki kadhaa mfululizo, asivuke barabara kubwa peke yake.

Fanyeni mazoezi kwa dakika 10 hadi 15 kila siku. Somo refu la saa moja siku ya Jumamosi humchosha na halibaki.

5. USALAMA HUANZA NYUMBANI USIKU

Haraka haraka haina baraka, na kwa mtoto mwenye ADHD haraka ni hatari. Asubuhi ya kutafuta soksi, kugombezwa na kukimbia humfikisha barabarani akiwa na kila kitu kichwani isipokuwa barabara.

Begi lipangwe usiku. Sare na viatu vikae mahali pamoja. Andika au uchore orodha ya mambo manne au matano ya asubuhi na uibandike mlangoni. Mtoto anywe chai kabla ya kutoka. Mtoke dakika 15 mapema kuliko mnavyofikiri mnahitaji.

Wakati wa kurudi una hatari yake. Mtoto amejizuia darasani kutwa nzima, amechoka, ana njaa, na kengele ikilia hutoka mbio. Kama anatumia dawa aliyoandikiwa na daktari, fahamu kwamba baadhi ya dawa za ADHD hufanya kazi kwa saa nne hivi tu. Aliyemeza asubuhi huenda akatoka shuleni dawa imekwisha nguvu. Muulize daktari wako kuhusu saa hizo. Usiongeze, usipunguze wala usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

6. BODABODA, TUKTUK NA MATATU

Watoto wengi wa kaunti yetu hupelekwa shuleni kwa pikipiki. Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wote wavae kofia ngumu na jaketi ya kuakisi mwanga, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Watoto watatu juu ya pikipiki moja ni kosa, hata kama ni ndugu. Ikiwa mmoja wao ni mtoto asiyetulia, kujitikisa kwake mara moja kwaweza kuwaangusha wote.

Mzazi, mchague mwendeshaji unayemfahamu, mmoja, na umweleze: "Kaka, mtoto huyu huchomoka. Usimshushe ng'ambo. Mshushe upande wa lango la shule, na usiondoke kabla hajaingia." Hakuna haja ya kutaja ugonjwa wala dawa. Mtoto avae kofia inayomtosha, na kamba ifungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla mtoto hajafika chini.

Katika tuktuk, mtoto akae katikati, mbali na upande ulio wazi. Akishuka kwenye matatu, sheria ni moja: asivuke mbele ya gari wala nyuma yake. Angoje liondoke, barabara ionekane yote, ndipo aanze hatua zake. Makanga na madereva, mtoto mnayemshusha bado yuko mikononi mwenu hadi afike mahali salama.

7. JAMII NZIMA INA ZAMU YAKE

Walimu. Mwacheni mtoto huyu atoke dakika chache kabla au baada ya msongamano, au atoke na mwenzake mkubwa anayeaminika. Mwulizeni mzazi alama na maneno wanayotumia nyumbani, ili shule isimfundishe vingine. Mazoezi ya kuvuka yaweza kufanywa uwanjani kwa kuchora barabara kwa chokaa, na darasa zima likafaidika.

Wachuuzi na majirani walio karibu na vivuko. Nyinyi ndio mnaowaona watoto hawa kila siku. Mkimwona amesimama kwenye alama yake, msimwite kutoka ng'ambo, hata kwa salamu. Mwito wa upendo ndio unaomtoa mbio.

Madereva. Mtoto aliye ukingoni mwa barabara hajaamua bado. Punguza mwendo kana kwamba atachomoka, kwa sababu yuko atakayechomoka.

Wananchi wote. Ukiona kivuko kilichofutika, alama iliyoanguka au matuta yanayohitajika karibu na shule, toa taarifa panapohusika. Kwa mujibu wa Mpangilio wa Nne wa Katiba ya 2010, barabara za kaunti na taa za barabarani ni jukumu la serikali ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa, ikiwemo ya Mombasa–Malindi, zinasimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini, KeNHA. Fika katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Hata barabara ikiwa si ya kaunti, ofisi hiyo inaweza kukuelekeza. Barua iliyotiwa sahihi na mwalimu mkuu pamoja na wazazi, ikitaja mahali hasa na saa za hatari, hueleweka upesi kuliko malalamiko ya mdomo. Mikutano ya hadhara ya bajeti nayo ni mahali pa kuomba vivuko na njia za miguu.

Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112.

8. UKIHISI MTOTO WAKO ANA HALI HII

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au kituo cha afya kilicho karibu. Eleza unachokiona, tangu lini, na wapi. Beba pia maoni ya mwalimu, kwa kuwa mtaalamu atataka kujua mtoto yukoje nyumbani na shuleni. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayotosha kuthibitisha ADHD. Hutambuliwa kwa mahojiano na uchunguzi wa makini.

Ni muhimu pia achunguzwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia honi au asiyeona mbali anaweza kudhaniwa hana umakini. Vilevile, mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, haitiki hata akiguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyomwangusha. Huyo amwone daktari upesi, na wakati huo asivuke barabara peke yake.

Kwa upande wa masomo, Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kama EARC. Mwalimu mkuu anaweza kukuelekeza kwenye kituo cha kaunti ndogo yako.

ADHD ina tiba na msaada. Watoto wengi husaidiwa kwa mafunzo ya wazazi, mipango ya darasani, na baadhi yao kwa dawa. Mtu asikudanganye kwamba ni mapepo, wala asikuuzie dawa isiyotoka kwa daktari.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kaeni kama familia, au kama kamati ya wazazi, mjibu maswali haya:

1. Mtoto wetu husimama wapi hasa kabla ya kuvuka? Anaweza kutuonyesha?
2. Alama yake ya gari upande wa kulia ni ipi? Na upande wa kushoto?
3. Neno letu la kusimamisha ni lipi, na mara ya mwisho tulilifanyia mazoezi lini?
4. Nani humpokea mtoto saa za kutoka shuleni?
5. Mwendeshaji wa bodaboda tunayemtumia anajua kwamba mtoto huyu huchomoka?
6. Ni mahali gani kwenye njia yetu panahitaji kivuko au matuta, na tumempelekea nani taarifa?

Kama kuna swali lisilo na jibu, hapo ndipo pa kuanzia kesho.

Yule mama wa stejini tulimtembelea tena. Sasa yeye na mwanawe hutoka nyumbani mapema, na hawavukii tena pale penye vibanda. Wamesogea hadi mahali ambapo barabara imenyooka. Mtoto alisimama kando ya mlingoti akaanza kutaja hatua zake kwa sauti, bila kumjali aliyekuwa akimtazama. Lori likatokea kwa mbali. "Limeupita mnazi," akasema. "Tungoje."

Wakangoja. Lori likapita, vumbi likatulia, wakavuka. Mama alikuwa bado amemshika, ila safari hii amemshika kiganja.